Julai na Agosti, Miezi Tuliyosamehewa

Verlin,

Makaroni yako kwenye friji, yapashe moto. Mtoe mbwa. Fomu ya kodi usiitume bado, kwa furaha yako ya asubuhi umesahau kutia sahihi.

Ulipiga meza kabla ya kwenda kazini ukasema, "Marlys, tumepona! Bima ya afya ya kiwandani ilikwisha Juni tarehe mbili, lakini hata siku moja inahesabiwa mwezi mzima. Ya kazi mpya ikaanza Septemba mosi. Pengo letu ni Julai na Agosti tu, na serikali haimtozi faini kwenye kodi mtu aliyekosa bima kwa muda usiofika miezi mitatu!" Mimi nikaangusha kikombe. Ukanicheka, eti nazeeka.

Mzee ni wewe. Mimi naogopa.

Julai ile niligusa kivimbe kwenye titi la kushoto, kidogo kama punje ya mahindi. Wewe ulikuwa umeachishwa kazi, usingizi huna. Nikasema nisubiri bima. Bima ikaja, nikaanza kuogopa jibu la daktari. Sasa ni Aprili, na ile punje imekuwa kama yai la njiwa.

Corinne akipiga simu, mwambie mama yake yuko dukani.

Nimekwenda hospitali ile alikozaliwa yeye. ~~Nitarudi mapema.~~ Sijui nitarudi saa ngapi.

Serikali imetusamehe miezi yetu miwili, Verlin. Mwili sijui kama nao husamehe.

~~Usije.~~ Njoo.

Mkeo