Somo Yake

Bagara, Jumapili, Juni 1984

Eti mwandishi hajui ngeli. Mtu ambaye vitabu vyake tumevisoma tangu ujana, leo anarudishwa darasani na Tluway.

Leo, kwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu, tuliijadili riwaya yake mpya, nakala yangu hiyo moja iliyozunguka nyumba zote. Mama Paulo alisema ilimliza. Katekista alisema wanaume wote humo ni makatili. Hayo ni maoni, niliyameza pamoja na chai isiyo na sukari.

Ndipo Mwalimu Tluway akasimama na kusoma: "Bi harusi alikwenda kulala kwa somo yake." Akanitazama. "Baba Neema, hata mtoto wa darasa la tatu anajua ni somo lake. Na mtu analalaje kwa somo? Labda hesabu."

Walicheka hata jibu langu halikusikika. Kisha wakakubaliana kitabu kisisomwe kwenye darasa la watu wazima, maana kinaharibu Kiswahili. Kitabu nilichokipigania mimi.

Somo, Mwalimu, ni mwanamke anayemfunda mwari huko Pwani. Ni mtu, na mtu hachukui "lake". Nilijua hayo Tanga, kwenye mkonge, wewe hujaota ndevu.

Jumapili ijayo nitamwomba airudie sentensi ile mbele ya wote. Halafu nitamwuliza kama mkewe alifundwa na hesabu.

Kusema kweli, nusu ya pili ya riwaya ni mbovu. Mwandishi alichoka, nami nikachoka naye. Lakini hilo Tluway hakuliona, na mimi sitamwonyesha.