Rodarius Aliinua Mkono Mwenyewe

S.L.P. 61,
Belzoni, Mississippi.
14 Januari 2019.

Mpendwa Dada Odessa,

Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Chicago? Na shemeji, bado anaficha dawa chini ya mto? Mimi sijambo, presha tu inapanda na kushuka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kuniombea kabla sijamaliza kusema.

Rodarius wangu ameacha mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kugongana. Usishtuke, yuko mzima.

Miaka tisa, dada. Mtoto ambaye timu zote zilimpita siku ya kuchagua wachezaji, akaenda kwenye majaribio na begi la kuazima, ndiye aliyekuja kusimama katikati ya walinzi akiwapangia wote. Kaka Lucius anasema amewalaza chini wenye mpira zaidi ya mara mia nane. Mimi sijaona hata mara moja. Unanijua, naipa televisheni mgongo nakaanga kambare. Akianguka nahesabu sekunde, mpaka Lucius aseme, "Kasimama, Verlene. Geuza samaki."

Sasa sikia. Mwezi wa nane alikuja nyumbani, akala, akaosha vyombo bila kuambiwa. Nikajua kuna jambo. Kumbe kila mwaka kabla ya msimu daktari huwapima kichwa, anawasomea maneno wayarudie. Wakigongwa anawapima tena, aone kama akili imepungua.

"Mama, kipimo cha kwanza huwa nakosea makusudi," akaniambia. "Nikigongwa, asione tofauti."

Nikamuuliza amecheza mara ngapi huku anaona kizunguzungu. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Sikupiga kelele. Nikamwambia, "Nilikuzaa una akili. Mwaka huu kawaonyeshe zote."

"Wataniondoa uwanjani, Mama."

"Basi waniletee mimi."

Akaenda akapimwa kwa haki. Mwezi uliopita, Jumapili, nikasikia kishindo, Lucius akanyamaza. Nikahesabu mpaka ishirini na sita. Samaki wakaungua. Halafu Lucius akasema, taratibu, "Verlene, geuka."

Nikageuka. Mwanangu alikuwa anatoka uwanjani kwa miguu yake, mkono juu, anamwita daktari mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Mwenzake mmoja alimpigia simu baadaye kumtania, "Mzee, umetukimbia?" Akamjibu, "Nimemkimbilia mama yangu. Wewe huna mama?"

Daktari alilinganisha vipimo, akasema inatosha.

Mia nane zile ni za watu wote, dada. Huo mkono ni wangu.

Jana nikamsomea maneno kumi hapa mezani, nikaifunika karatasi kwa sahani. Akanirudishia tisa. Nilikosa usingizi kwa hilo moja, mpaka asubuhi nikajijaribu mwenyewe. Nilipata saba.

Msalimie shemeji, na Patrice na watoto wake. Mungu akulindie goti na roho. Njoo Pasaka, Rodarius atakuwepo, na nitakaanga samaki nikiwatazama nyote.

Mdogo wako akupendaye hata ukiwa mbali,
Verlene