Hukuacha Njia, Baba

Kwako Baba,

Barua hii naiandika wazi, aisome mtu yeyote wa mtaa wetu wa Jericho anayetaka kuisoma, kwa sababu neno nililokuambia nililisema mbele ya watu na siwezi kulifuta kwa siri. Siku ya maziko yako kule Bungoma nilisimama kando ya jeneza nikasoma karatasi iliyoletwa na kambi ya watalii uliyoifanyia kazi: kwamba askari wao mpendwa alikutwa nje ya njia iliyoruhusiwa, akashambuliwa na nyati. Kisha nikaongeza langu, ambalo hakuna aliyeniomba. Nikasema, "Baba, ulitufundisha kufuata njia. Mbona uliiacha?" Watu waliinamisha vichwa. Baadaye, kwenye viti vya kukodi, nikamsikia jirani yetu mmoja akimnong'onezea mwenzake kwamba huenda ulikuwa umelewa. Wewe, ambaye hata soda ulikunywa nusu ukamwachia mdogo wangu Wafula. Nilimsikia na nikanyamaza. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kufa, Baba, na hasira hiyo ikanifunga mdomo.

Miaka kumi na tisa ulifanya kazi ambayo mtaa wetu haukuielewa. Ulisindikiza wageni. Katika kambi ile ya kifahari kule mbuga ya Mara hakuna ua, na wanyama hupita watakavyo, kwa hiyo jua likizama hakuna mgeni anayetoka hemani peke yake, hata kwenda mezani. Anapuliza filimbi, unakuja na tochi na rungu, unamtangulia. Wafula aliwaringia wenzake kwamba baba yake analinda matajiri, "Mzae wangu ni bodigadi ya wadosi." Nawe ukamrekebisha kila mara: "Mimi ni msindikizaji."

Nafikiri walikulipa kwa jambo ambalo ungelifanya bure. Kwetu hapakuwa na mgeni aliyeagwa mlangoni. "Ukimwacha mgeni mlangoni umemfukuza," ulisema, huku ukitafuta viatu chini ya kochi. Unakumbuka Jumapili za Mzee Oduor, yule rafiki yako aliyestaafu reli? Ulimsindikiza hadi kwake Makongeni. Akifika, naye aliona haya urudi peke yako, akakusindikiza hadi Jericho. Mkifika kwetu, wewe nawe unageuka. Siku moja Mama alitoka na mwiko mkononi akawakuta mnaanza safari ya tatu. "Nyinyi wawili mtaoana lini?" akauliza. "Ugali umekuwa jiwe!" Mlicheka mpaka Mzee Oduor akashika ukuta.

Ulipokuja likizo, nyumba nzima ilinukia kambi. Ulituletea sabuni zilizoachwa na wageni, vipande vyembamba vya rangi ya maziwa, nasi tulivibandika kimoja juu ya kingine mpaka vikawa mche mmoja. Shuleni wasichana waliniuliza natumia mafuta gani. Nawe ulikaa ukatusimulia: wageni hula mara tano kwa siku, wana beseni la kuogea katikati ya chumba, wanawekewa mpira wa maji ya moto kitandani kama watoto. Tulijua unapiga chumvi. "Siku moja nitawapeleka," ulisema. "Mtalala huko kama wageni, na mimi ndiye nitakayewasindikiza."

Miezi mitatu baada ya maziko, barua ya kambi ikaja. Walitualika watu wawili, siku mbili, kila kitu juu yao, kwa heshima yako.

Mama aliisoma akaikunja. "Mimi nikalale kwa kitanda cha watu waliompoteza mume wangu? Enda wewe."

Wafula hakuwa na la kusaidia. "Siste, si uende tu? Hiyo place huwezi afford hata ukiuza figo."

Aliyenituma ni mama yako, tunayemwita Kukhu. Kukhu alinipigia simu kutoka Bungoma, sauti yake ikikwaruza. "Mtoto wangu alifia ugenini na hakuna aliyemwita," akasema. "Mtu huitwa kwa jina lake pale alipoangukia. Si karibu na pale, ni pale. Chukua udongo wa hapo, umlete kwake." Unajua mchungaji wetu alivyo, mambo hayo aliyaita ya giza, na Mama akamfuata, ndiyo maana tulikuzika bila kukuita. Nilimweleza Mama alichosema Kukhu. Asubuhi ya safari nilikuta mezani kopo la kakao, limeoshwa, limekaushwa, mfuniko wake kando.

Basi nikalala kwenye ile kambi, Baba, kama mgeni. Nisamehe, hukupiga chumvi hata kidogo. Hema langu lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu, na lile beseni lilikaa katikati yake bila haya. Chakula kilikuja, kikaondoka, kikaja tena. Nilipojitupa kitandani kupumzika, mguu wangu ukagusa kitu cha moto ndani ya shuka, nikaruka na ukelele nikidhani ni mnyama. Ulikuwa ule mpira wako wa maji ya moto. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaenda kunawa uso, na pale kando ya karai palikuwa na sabuni, mviringo, nene, bado imevishwa karatasi. Maishani mwangu sikuwahi kuiona ikiwa nzima. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Alasiri meneja alinipeleka kuona mahali. Ni kijana mpole, anaongea kwa sauti ya chini. Tulifuata njia ya wageni, iliyofagiliwa, yenye taa ndogo kila baada ya hatua chache, mpaka karibu na hema la kumi na moja, lile la mwisho. Walikuwa wamepanda mti mdogo hapo na kuweka jiwe lenye jina lako. "Ni hapa," akasema, akavua kofia, akaniacha. Nilipiga magoti. Nikaona aibu kupaza sauti, kwa hiyo nilinong'ona tu, "Wanjala, twende nyumbani," nikajaza kopo.

Saa moja jioni askari alikuja kunipeleka mezani. Nitamwita Lema, na jina lake si hilo; ana watoto na bado yuko kazini. Wewe unamjua, ndiye mliyekuwa mkigawana zamu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanipa pole. Kisha tochi yake ikaangukia kopo lililokuwa mezani mwangu.

"Hiyo udongo umetoa wapi?"

"Pale kwenye mti."

"Pale hakufa mtu," akasema.

Nikamwomba aniambie. Aliniambia tukiwa tumesimama mlangoni mwa hema, akigeuka kila mara kutazama njia.

"Hii njia ya taa ni ya wageni. Askari akiwa na mgeni, anapita hapa. Akishamfikisha, haruhusiwi kurudi nayo peke yake. Wanasema wageni hawapendi kuona wafanyakazi wakipitapita. Anazunguka nyuma, kule kwa kufulia."

"Kule kuna taa?"

"Taa ya nini? Kule hakuna mgeni."

Jioni ile ulimfikisha mama mmoja mzee katika hema la kumi na moja. Ukazunguka nyuma ukarudi. Yule mama akapuliza filimbi: amesahau miwani mezani. Ukaichukua, ukapita tena kule nyuma, kwa sababu miwani si mgeni. Ukampa. Alikushukuru sana, Lema anasema, alikuita malaika. Wakati huo filimbi nyingine ilikuwa inalia hema la tatu, na Lema alikuwa upande wa pili na watu wengine. Hukungoja. Uliingia kwenye kichaka cha kule nyuma kwa mara ya tatu jioni hiyo, peke yako, mbio mbio, kwenda kumsindikiza mtu.

Mimi hukaa mapokezi kwenye zahanati hapo Donholm, nashinda nikijaza fomu, na najua jinsi neno linavyoweza kuwa kweli na bado likamchafua mtu. "Nje ya njia iliyoruhusiwa." Kambi ile ina njia mbili: moja ni ya wageni, nyingine ndiyo waliyokulazimisha upite. Walipoandika karatasi wakaihesabu moja tu. Nami, mwanao, nikaisoma kwa sauti nzuri ya kanisani.

Lema alinifikisha hadi hema la kulia chakula. "Haya, karibu mezani," akasema, akageukia upande wa giza.

"Ngoja," nikamwambia. "Nakusindikiza."

Akacheka kidogo. "Mgeni hasindikizi askari."

"Mimi si mgeni. Mimi ni mtoto wa Wanjala."

Hakubisha zaidi. Nilirudi hemani naye kuchukua kopo, kisha tukashika ile njia ya nyuma. Ni nyembamba, miiba inakamata sketi, na siku hiyo palikuwa na kinyesi kibichi katikati yake. Tulipita chini ya kamba za kufulia, mashuka ya wageni yakitupiga usoni, yananuka ile sabuni. Nyuma ya kamba Lema alisimama akamulika chini. Hapakuwa na mti wala jiwe. Palikuwa na nyasi zilizoota upya, na nguzo ya kamba iliyokatika ambayo hakuna aliyeitengeneza.

Nilimwaga udongo wa kwanza. Safari hii sikunong'ona. Nilikuita kwa jina ulilopewa na Kukhu, nikakuita kwa jina la ubatizo, nikakuita Baba Nafula, nikakuita kwa sauti ambayo lazima iliwafikia waliokuwa wakila. Nikakuomba msamaha hapo hapo. Nilikuwa sijamaliza kujaza kopo kitu kizito kikavunja tawi upande wa kushoto, na Lema akanishika mkono. "Twende," akasema. "Polepole. Usikimbie." Nilihesabu hatua mpaka kwenye taa, na sasa najua, Baba, angalau kwa hatua mia moja, ulivyokuwa ukienda kazini.

Tulipofika mezani alinikabidhi kiti changu, akaaga, akarudi kule kule. Nilimtazama mpaka mwanga wa tochi ukapotea. Sikula.

Asubuhi nilimuuliza meneja kwa nini askari wasitumie njia yenye taa wanaporudi. Akainua nyusi, kisha akasema kwa upole wake kwamba kambi inajali utulivu wa wageni, na kwamba watalijadili. Hakuniuliza nimelijuaje. Aliniletea kitabu cha wageni nitoe maoni yangu. Wengine wameandika kuhusu simba na machweo. Mimi niliandika, "Baba yangu hakuacha njia," nikatia jina langu lote.

Nilifika Jericho mchana. Mama alikuwa anachambua mboga. Aliona kopo, akafuta mikono kwenye leso, na nilidhani atageuka aende chumbani. Alikwenda mlangoni akaufungua wote, hata ule upande wenye komeo gumu ambao hufunguliwa tu kabati linapopita.

"Karibu nyumbani, Baba Nafula," akasema. Halafu akakaa chini palepale kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke, akalia kwa sauti.

Jumamosi tunakupeleka Bungoma. Wafula atalibeba kopo, Kukhu anakungoja, na mimi nitasimama tena pale niliposimama siku ile niseme kweli mbele ya watu wale wale. Yule jirani naye nimemwalika, kwa jina.

Nimekuita uje nyumbani na naamini umekuja. Upumzike sasa, Baba. Lakini leo ni Alhamisi, nje kunaanza kuwa giza, na Lema yuko zamu. Wageni wameanza kuingia mezani, filimbi zinalia, na kila anayemfikisha anamwacha arudi peke yake kule nyuma. Kwa hiyo nakuruhusu mara moja tu, na usimwambie Kukhu: toka kidogo, msindikize Lema mpaka avuke zile kamba, halafu urudi. Mlango hatujaufunga.

Mwanao wa kwanza,
Nafula