Damu ya Kuku Kwenye Baridi ya Songea

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Mji mzima umepumzika, mimi na damu ya kuku. Tyubu moja kwenye maji moto, nyingine mezani itulie. Chembe za damu zikiteswa na joto hutengeneza kwa wingi protini mlezi, ile inayozishikilia protini nyingine zisiharibike. Kingamwili, kimiminika nilicholetewa kutoka Dar, huinasa hiyo tu, na kwenye karatasi ya kipimo unatoka mstari mweusi. Tyubu ya mezani isitoe kitu. Maabara tupu. Nilipoingia nilijisalimia mwenyewe.

Jumanne, 8 Julai
Mistari miwili. Yote myeusi. Nimekasirika hadi chakula kimenishinda.

Alhamisi, 10 Julai
Dokta, msimamizi wangu wa Dar, kapiga simu. Anadhani nimechanganya tyubu. Kingamwili imebaki ya kipimo kimoja tu. Nacho kikiharibika, mradi wa Songea unafungwa, narudi Dar. Alisema kwa ukali, kama anatoa adhabu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Aibu. Lakini tangu nihamie hapa sijapata hata mtu wa kunywa naye chai. Mama yuko Temeke, kila simu anauliza narudi lini.

Jumamosi, 12 Julai
Mshangano, kwa Mama Komba mfuga kuku, kuchukua damu nyingine. Shikamoo, marahaba. Kanishikia kuku, kaniuliza naishi na nani. Peke yangu.
"Mh! Peke yako, na baridi hii?"
Nikacheka. Njiani kicheko kikakatika. Maelekezo ya kipimo yaliandikwa Dar: acha tyubu mezani. Meza ya Dar ina joto lake. Ya kwangu, ukiiegemea asubuhi, kiwiko kinakufa ganzi. Damu ya kuku imezoea joto la kuku. Tyubu niliyodhani imetulia ilikuwa inateseka, na mateso ya baridi nayo huzalisha protini ileile.

Jumapili, 13 Julai
Sijamwambia Dokta. Nikirudia vilevile itatoka mistari miwili, nafungasha, niko kwa mama. Hakuna atakayejua. Nimeliwaza hilo misa nzima. Nimejichukia.

Jumanne, 15 Julai
Tyubu ya pili haikukaa mezani. Nimeiweka kwenye maji yenye joto la mwili wa kuku. Kingamwili ya mwisho nimeimimina yote.

Jumatano, 16 Julai
Mstari mmoja! Mweusi, safi. Wa pili kivuli tu, mpaka ukodoe macho. Nikapiga kelele. Hakuna aliyekuja kuuliza kulikoni.
Dokta kafurahi mno. Kaomba radhi. Ataagiza kingamwili nyingine, nami niendelee hapahapa mwaka mwingine. Nimekubali.
Jioni nikampigia mama, nikamweleza kipimo kimekubali. Akashukuru Mungu, akanipongeza, akacheka kwa furaha. Kisha akauliza narudi lini.