Kila Mmoja Anasema Nililala Kwake

Mpendwa Bi Natércia wa safu ya ushauri gazetini, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nina miaka kumi na mitano, wazazi wangu wameachana, nalala wiki kwa mama na wiki kwa baba, na mimi ndiye ninayemsomea mama barua za serikali kwa sababu yeye anasoma Kireno tu, mimi Kiingereza nasoma shuleni na Kireno kila Jumamosi, kwa hiyo ni mimi niliyemsomea kwamba fomu yake ya kodi imekataliwa, mtoto huyu ameshaandikwa na mtu mwingine. Mtoto huyu ni mimi. Mama akampigia baba, simu ikiwa kwenye spika.

"Norberto, umemwandika Idalina kwako?"

"Kwani si mwanangu?"

"Mwanao wa Krismasi. Viatu ananunua nani?"

"Na meno alilipia nani, Lurdes, shangazi yako?"

Anayepata nafuu ya kodi ni yule ambaye nimelala nyumbani kwake siku nyingi zaidi, basi wamehesabu kalenda, kila mmoja ana mia na themanini na mbili, imebaki Jumapili moja tu, tarehe kumi na sita Novemba, na kila mmoja anaapa nililala kwake, na kila mmoja ameniletea karatasi nisaini.

Sikulala kwa yeyote. Baba alinishusha kwa mama na begi langu akaondoka, mlango umefungwa, nikampigia mama, akasema yuko kiwandani, wiki yake inaanza Jumatatu, nirudi kwa baba, nikampigia baba, akasema zamu yake imeisha na ana wageni. Wote nikawaambia sawa. Nikashuka ghorofa ya chini kwa Deolinda, mama yangu wa ubatizo, akanipa supu ya sukumawiki, nikalala kwenye kochi lake. Usiku ambao hakuna aliyenitaka, ndio huo wanaougombania sasa. Nimekasirika hadi mwandiko umeharibika. Nisaini ya nani?

Namsikia mama anapanda ngazi. Siku zote barua hii naisukuma chini ya daftari. Leo naiacha hapo hapo mezani.

Idalina, Fall River

*

Idalina mwanangu, usisaini hata moja. Wewe si shahidi wa mtu. Kosa lako ni kusema "sawa" mara mbili ulipopaswa kupiga kelele mtaa mzima usikie; siku nyingine piga.

Ila bahasha yako imeandikwa anwani kwa mkono wa mtu mzima, na stempu imebandikwa upande, kama mtu aliyekuwa na haraka kabla hajabadili mawazo. Kwa hiyo sasa naongea na wewe, Lurdes. Umeisoma na bado ukaituma, hapo nakuheshimu. Hayo mengine ni aibu, yako na ya Norberto sawasawa. Nendeni nyote wawili kwa karani mmoja wa kodi, siku moja, meza moja, muandikiane: mwaka huu nafuu achukue mmoja, mwaka ujao mwenzake. Karatasi za Idalina zichaneni.

Na Jumapili ya kubadilishana, uwe umeshafika nyumbani kabla gari la Norberto halijakata kona.