Kifaranga Mwenye Manyoya Miguuni

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Ushirombo tuko salama, ingawa nyumba ni kimya tangu babu yako atutoke.

Picha ya kifaranga wako imeniinua kitini! Mwenye nyumba wako asikutishe kwamba ni kuku wa mganga, usimchinje. Nilipoolewa, kwetu alitotolewa mmoja wa hivyo hivyo. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, katupe uchawi huo." Babu yako akacheka. "Mama, hujaona miguu ya jogoo wa parokia? Ndiye baba yake." Mama mkwe akaenda kumletea kifaranga pumba.

Manyoya yakifika kidole cha nje, ana damu ya brama, wale kuku wakubwa wa kigeni. Zunguka kwa majirani utazame miguu ya majogoo wao, unipigie leo leo. Babu yako angekuwa ameshapanda basi kuja kumwona.

Bibi yako