Fungua Hiyo Droo, Kaka

Kaka yangu,

Shikamoo. Naitanguliza kwa sababu mama hakutulea tuwe watu wa kuanza maneno bila salamu, si kwa sababu roho yangu imetaka. Natumaini u mzima na kazi za gereji zinakwenda. Huku kwangu hatujambo. Mume wangu alitaka nikufikishie salamu zake, nikamwambia akusalimu mwenyewe siku akitaka, maana barua hii haina nafasi ya upole wa mtu mwingine. Ukimaliza kusoma utasema nimekuvunjia heshima. Sawa, nimekuvunjia. Wewe umevunja kikubwa zaidi.

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu hatuelewani. Nikikupigia unampa simu wifi yangu, au unafoka majibu yasiyohusiana na nilichouliza, kisha unakata. Barua haifokewi. Kaa chini uisome mwenyewe, na usimpe mtu akusomee.

Nianze na siku ile ya chuma. Daktari wa masikio alikuwa amewaeleza wewe na mkeo, taratibu kabisa, kwamba Kidosho amezaliwa kama nilivyozaliwa mimi shangazi yake, na vijisikio visivyo na tundu, lakini ndani kabisa sehemu ya kusikia ni nzima. Alisema sauti ikikosa mlango wa sikio inaweza kupitishwa kwenye mfupa. Skrubu ndogo inawekwa kwenye fuvu nyuma ya sikio, ikishashikana na mfupa kifaa kinabandikwa juu yake, na mtoto anasikia. Wewe ulirudi gereji, ukamsimamisha mtoto pekupeku akiwa amekupa mgongo, ukaangusha kipande cha chuma sakafuni. Akageuka. Lo, ulivyoshangilia! Ukawaita mafundi wako wote washuhudie kwamba mtoto anasikia ila ni mkaidi, na kwamba daktari anatafuta tu vichwa vya kutoboa.

Kaka, mtoto alisikia kwa nyayo. Saruji ilitikisika, miguu yake ikampasha habari. Mimi nilikulia hivyo, nikijua nani anaingia nyumbani kwa jinsi sakafu inavyotetemeka, na wewe uliyekuwa ukipiga mguu chini kuniita ulilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ukajitia hamnazo. Tangu siku hiyo Kidosho asipoitika anachapwa, eti anajifanya. Mtoto anachapwa kwa kutosikia! Hivi mkono wako hauoni haya?

Tena ungekuwa hukuona matokeo ningesema ni ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini uliyaona. Hospitali ilimpa kile kifaa akivae kwanza kwenye mkanda wa kichwani, azoee kabla ya skrubu. Wifi ameniambia siku ya kwanza mtoto alikaa jikoni akisikiliza bomba linavyodondoka, na mama yake alipotaka kulifunga akalia. Akaanza kutamka maneno mpaka mwisho wake badala ya kuyaacha njiani. Mwalimu wake wa darasa la kwanza, ambaye alikuwa amekwisha kumkatia tamaa, akamtoa nyuma akamweka mbele. Hayo yote yalitokea ndani ya nyumba yako, mbele ya macho yako, na macho yako hayana ugonjwa wowote.

Kisha akakuletea chakula gereji akiwa amevaa ule mkanda. Mteja mmoja, bwege mwenye gari bovu, akauliza kwa kucheka huyo mtoto anashika stesheni gani. Mwanamume mwingine angemfukuza mteja. Wewe ulimvua mtoto mkanda, ukautupa kwenye droo ya spana, ukafunga kwa ufunguo. Wifi anasema Kidosho aliendelea kuushika utosi wake mpaka jioni kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Sasa amerudi kule kule. Amerudishwa nyuma ya darasa pamoja na wanaosinzia, na yale maneno aliyokuwa ameyapata anayapoteza moja moja. Daktari alishakuonya kwamba lugha ina umri wake, na mtoto akichelewa kuisikia hatakuja kuipata yote. Hilo ndilo tunalogombania, kaka. Si mkanda.

Nilipokutumia ujumbe kukusihi, ulinipa sababu. Ulisema skrubu itashika kutu. Ebo! Kwani ni ya gari? Yangu ninayo tangu nikiwa na mimba ya kwanza, naoga nayo, natoka jasho nayo kwenye cherehani kutwa nzima, na haijadai hata tone la grisi. Naiosha pale inapotokeza kwenye ngozi kila siku kwa maji na sabuni, basi. Ulisema nani atamwoa mwanamke mwenye chuma kichwani. Mimi ninacho na mume ninaye, na hasara yake ni moja tu, kwamba namsikia akikoroma. Akizidi nakivua kifaa, nakiweka mezani, nalala usingizi wa mtoto mchanga. Wanawake wenye masikio yao hawana bahati hiyo.

Uliposhindwa kwa hoja ukaja mwenyewe kunitisha. Unakumbuka ulinikuta nikiosha nywele uani, nikakuonyesha kwa mkono uingie chumba cha kushonea ukanisubiri. Kifaa changu nilikuwa nimekiacha juu ya cherehani, kando ya redio, na redio ilikuwa wazi. Nilipokuja kuchukua taulo nilikuona kwenye kioo cha wateja. Ndiyo, kaka, nilikuona. Ulikuwa umekishika kifaa changu kwa vidole viwili, umekikandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio lako la kulia, na mdomo wako uko wazi. Ulikaa hivyo muda mrefu. Kisha ukakalia kiti cha wateja, ukakihamishia upande wa kushoto, na machozi yakakutoka. Sikuwahi kukuona ukilia, hata tulipomzika mama.

Nilirudi nyuma nikajifanya naendelea na nywele zangu. Nilipoingia ulikuwa umekirudisha kifaa juu ya cherehani kichwa chini miguu juu, na uso umeukunja. Ukaniambia hizo ni takataka, na kwamba atakayempeleka Kidosho kupasuliwa asikanyage kwako tena. Sikuwa na kifaa kwa hiyo nilisoma midomo yako. Ilikuwa inatetemeka.

Basi acha niseme lisilosemwa. Wewe ni kiziwi, kaka. Labda si wa kutosikia kabisa, lakini ni kiziwi wa kutosha. Yale masikio yaliyokuwa yakitoa usaha tukiwa wadogo, yakasemwa yatapona yenyewe, hayakupona. Ndiyo maana huzungumzi kwenye simu. Ndiyo maana unaongea wewe tu mpaka watu wakuage. Na injini unaisikiliza kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha unataja ugonjwa wake bila kukosea, na mji mzima unakuita fundi wa kipaji. Mafundi wote wanajua ujanja huo, lakini wenzako wakishamaliza na bisibisi wanasikia pia mteja anachosema. Wewe ukisikia kwa mfupa ni ustadi, mwanao akisikia kwa mfupa ni aibu. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha!

Hukuwa unamlinda Kidosho na kicheko cha mtu. Uliogopa kwamba watu wakimtazama yeye watageuka wakutazame na wewe. Ukaona afadhali mtoto abaki kizani ili baba yake asijulikane. Nimekuwa nikikupenda maisha yangu yote, lakini kwa hili nimekuchukia, na naandika neno hilo nikiwa na akili zangu timamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na uliyemtanguliza aumbuke ni mwanao.

Sasa kaa vizuri. Ile likizo uliyoambiwa Kidosho anakuja kwangu kujifunza kushona vifungo, hakuna kifungo kilichoshonwa. Amepasuliwa. Mama yake ametia saini kwa mkono wake, nami nimemshika mtoto mkono mpaka mlangoni. Skrubu imeingia vizuri, daktari ameridhika, na ninapoandika haya amelala hapa wodini kando yangu, bandeji imemfunika kichwa kama kilemba. Usimpigie kelele wifi. Ukitaka wa kumpigia kelele nipigie mimi, nitavua kifaa.

Mfupa unahitaji muda kuishika ile skrubu. Ukishaishika kitahitajika kifaa, na kifaa ni kile kile kilicho kwenye droo yako, na ufunguo wa droo unao wewe. Skrubu peke yake haisikii kitu. Kwa hiyo bado unaweza kushinda, ukitaka. Ukae na ufunguo wako, na mtoto akae na chuma chake cha bure kichwani.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo ambalo muuguzi amenieleza, na nimelibeba tangu asubuhi limenielemea. Kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji alimuuliza Kidosho, kwa mikono na midomo, akipona anataka kusikia nini kuliko vyote. Anasema watoto wengi hutaja muziki, au wanyama. Huyu alisema anataka kusikia wateja wa gereji. Muuguzi akadhani hakumwelewa, akarudia. Mtoto akasema wateja huongea nyuma ya baba yake wakicheka, na baba hageuki kwa sababu hasikii. Anataka akipona awe anakaa karibu yake, amwambie wanasema nini. Kisha akamwomba muuguzi asimwambie mtu, maana baba hapendi ijulikane.

Nilitoka nje kwenye korido nikalia mpaka mfagiaji akaniletea kiti. Wewe umemchapa kwa ukaidi, umemnyang'anya kifaa, na yeye muda wote huo alikuwa amekaa na siri yako.

Daktari nimemweleza na habari zako. Anasema watu wazima nao huwekewa, na kwamba masikio ya usaha kama yako ndiyo hasa hufaidika. Kuja au kutokuja ni juu yako. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako halijafa.

Wasalimie mafundi wote. Wifi yuko nasi hapa, anakusalimu, anasema nguo zako safi ziko kabatini. Kidosho ameamka sasa hivi, ameona naandika, ameniuliza kwa midomo ni barua ya nani. Nimemwambia ni ya baba yake. Ameniomba nikuulize kama hujambo, na nani anakuletea chakula.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado hajakusamehe,

Shangazi wa Kidosho